Ubeti wa Tatu wa Cortez

Jumamosi jioni nilipanda juu ya kiti cha jikoni, nikakitoa king'ora cha moshi darini, nikakitia betri iliyochoka, kisha nikakipaka gundi mlango wake wa betri. Ni ile gundi ya kubandikia kucha, ambayo ukiikosea unakwenda na kidole chako hospitali. Nikakipuliza mpaka kikakauka. Kikalia: pii.

"Vizuri," nikakiambia. "Kesho tunakwenda kanisani."

Mtu mwingine angekitia betri mpya zamani. Hapa Orange Mound, mtaa wetu wa Memphis, nyumba nyingi zina king'ora cha namna hiyo, betri ikichoka kinalia pii, kinanyamaza nusu dakika, kinalia tena, na wenye nyumba hawakisikii kabisa. Unampigia mtu simu, unakisikia nyuma ya maneno yake. Ukimwambia abadilishe betri, anakuuliza betri gani. Na mimi nilikuwa hivyo hivyo. Lakini miaka hii tisa nakisikia kila mlio, na kila betri yake ikifa kabisa nakitafutia nyingine iliyokaribia kufa. Jirani yangu Verdell ndiye anayenikusanyia. Kingine kizima kiko sebuleni, msije mkadhani nataka kuungua.

Mjukuu wangu Cortez alikuwa rapa. Alirekodi ndani ya kabati langu la nguo, lile kubwa la kuingia mtu, lililopakana na jiko. Alisema makoti yangu ya baridi yanakula mwangwi vizuri kuliko studio yoyote ya Memphis. Mlangoni alitundika blanketi la viraka alilolishona mama yangu, na maiki aliifunga kwenye henga kwa soksi. Wakati mwingine nilikuwa nakaanga kambare, naye anapiga kelele kutoka ndani, "Bibi, punguza mafuta! Yananiingia kwenye wimbo!" Nami namjibu, "Basi usile!" Akitoka, anakula wa kwanza.

Rafiki yake alikuwa Kelvonte Pruitt, mtoto wa mtaa wa pili. Nimemlisha tangu hajui kufunga kamba za viatu. Cortez ndiye aliyetunga mistari. Vonte alikuwa na sura na mabega na ile sauti ya kukwaruza. Cortez alikuwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu, siku nyingine hawezi hata kusimama kwa maumivu ya mifupa, basi analala kabatini juu ya viatu vyangu na daftari lake, anatunga.

Wimbo wake wa mwisho ulikuwa na beti tatu. Niliusikia ukutani labda mara arubaini. Mimi shule niliiacha darasa la tatu kwenda kuchuma pamba Mississippi, kwa hiyo kuandika kunanisumbua, lakini kinachoingia sikioni mwangu hakitoki.

Cortez akafa mwezi wa tatu, ana miaka ishirini na mbili. Vonte alikuja nyumbani siku moja kabla ya maziko, akanikumbatia, akala sahani mbili, akasema, "Mama Earlene, kompyuta ya Cortez nakutunzia mimi, isije ikapotea na watu wengi hivi." Nikamshukuru. Nilimfungia na keki kwenye karatasi. Na daftari alilichukua, ila hilo sikumwona. Mazikoni hakuja. Tulimwekea kiti mbele, na wabeba jeneza, kikakaa kitupu.

Kufika mwezi wa sita nilikuwa dukani napima viazi, nikasikia juu kwenye spika mjukuu wangu anaghuna. Lile ghuna lake la kiitikio, la midomo iliyofungwa. Nikashika toroli. Kisha ikaja sauti ya kukwaruza inasema mistari ya Cortez, ubeti wa kwanza, ubeti wa pili, basi, wimbo ukaisha. Na chini ya lile ghuna, mbali, pii.

King'ora changu.

Hawakuweza kukitoa, nadhani, kimenasa pamoja na sauti ya mtoto. Wakakiacha, na watu wakakipenda. Wakakiita ndege. Vonte akajiita Vonte Mahameli, akatoka kwenye kabati langu akaenda Atlanta, kutoka Atlanta akaenda kila mahali. Akapata tuzo tatu kwa wimbo ule. Akatoa na albamu nyingine nne, hakuna hata moja yenye mistari ya maana, lakini watu walikuwa wameshampenda. Kwenye televisheni wakamuuliza habari za ndege. Akainama, akafuta jicho, akasema bibi yake alipokuwa anakata roho, ndege alitua dirishani akalia, naye akaandika wimbo wote usiku uleule.

Bibi yake ni Odessa Pruitt. Yuko hai, anacheza bingo kila Alhamisi.

Niliwaambia watu. Mchungaji Lockridge akasema tumwombee. Mwanasheria mmoja mjini akaniuliza, "Karatasi iko wapi, mama?" Nikasema karatasi ndiyo iliyoibwa. Akanifungulia mlango kwa adabu. Basi nikakaa. Nikajisemea huyu mtoto atarudi siku moja, wote wanarudi kujionyesha, na mimi sina haraka.

Amerudi mwaka huu, wiki ya kabla ya Sikukuu ya Shukrani. Wanamtengenezea filamu ya maisha yake, kwa hiyo walihitaji mtaa alikotoka, na bata mzinga mia tatu wa sikukuu wa kugawia watu, na kanisa letu la Mlima Nebo likionekana nyuma yake.

Nilivaa nyeupe, kofia mpaka glovu, kama tunavyovaa sisi mama wa kanisa. Kwetu, wakati wa ushuhuda, mchungaji anaweza kumkatiza shemasi na anaweza kumkatiza hata diwani. Mama aliyevaa nyeupe akisimama, hakuna wa kumkalisha. Atasema mpaka achoke mwenyewe, na mpiga kinanda atamfuata taratibu. Vonte amekulia kwenye benchi zile. Alilijua hilo, ila alikuwa amelisahau.

Alikaa mbele na koti la mahameli na miwani ya jua, kamera mbili pembeni. Verdell, ambaye masikio yamemchoka na hajui kunong'ona, akaniambia, "Amenenepa shingo! Huyo ni yeye au baba yake?" Benchi tatu zikacheka.

Mchungaji akauliza nani ana ushuhuda. Nikasimama na mkoba wangu.

"Mama Earlene!" Vonte akasema, akatabasamu kwa kamera. "Jamani, huyu mama alinilea kwa kambare wake!"

"Nilikulea, mwanangu. Hebu nifurahishe mimi mtu mzima. Tusemee ule wimbo wa ndege, ubeti wa kwanza tu. Matusi yaache nje."

Watu wakapiga makofi. Akasimama, akausema. Aliusema vizuri, siwezi kukataa.

"Na huyo ndege," nikasema, "tueleze."

Akavua miwani. Akaanza kueleza dirisha na roho ya bibi yake inavyotoka. Odessa hakuwepo, yeye ni wa kanisa la ng'ambo ya barabara, lakini nikaona watu wanaanza kutazamana. Alipofika mahali ndege anapotua, nikafungua mkoba, nikaondoa taulo lililouzuia mlio tangu asubuhi, mkoba ukalia.

Pii.

Kicheko kilichotoka hapo kingeweza kung'oa bati. "Mama Earlene, badilisha betri!" akapiga kelele mtu wa kwaya. "Kwetu nako hivyo hivyo!" akajibu mwingine. Nikakitoa king'ora mkobani, nikakiweka juu ya meza ya sadaka, wote wakione. Nikasubiri. Subira ndiyo ninayoijua. Kikalia tena, pii, na safari hii kicheko kikakatika katikati, maana hakuna mtu mle ndani asiyeujua ule mlio. Wameucheza kwenye harusi zao.

"Ndege wako alikuwa anakaa darini kwangu," nikasema. "Jikoni, ukuta mmoja na kabati alilorekodia Cortez. Wimbo una beti tatu, Vonte. Utusemee wa tatu."

"Mama Earlene, ule wimbo una mbili tu—"

"Useme."

"Sasa nitausemaje kama hakuna?"

"Basi keti. Umesimama mahali pa mtu."

Akaketi. Mpiga kinanda alikuwa ameacha kupiga. Nikausema mimi, kwa sauti yangu hii ya kuku mzee, nikiufuata mlio ule ule aliokuwa akiufuata mtoto:

"Kabatini kwa bibi, makoti ndiyo ukumbi,
Blanketi mlangoni, nje pabaki na vumbi.
Damu yangu ni mundu, inavuna kabla ya msimu,
Nikiwahi kuondoka, Vonte, wewe shika simu.
Mwambie bibi ale, asinisubiri mezani,
Iambie dunia ni Cortez, mtoto wa kabatini."

Pii.

Verdell akasema, "Mungu wangu, alimtaja kwa jina," na kwa kuwa hajui kunong'ona, kila mtu akasikia.

Vonte alifungua mdomo. "Nilimpenda yule," akasema. "Mama, nilimpenda kuliko—"

"Kiti chako mazikoni kilikuwa kitupu."

Alilia. Machozi ya kweli, si yale ya televisheni. Nilimtazama analia, nikajipima kama namwonea huruma, nikakuta sina. Nikachukua king'ora nikamwekea mapajani, juu ya mahameli. "Ndege wako huyu," nikamwambia. "Beba." Kamera zote mbili zilikuwa zinamtazama. Angekitupa vipi? Alitoka nacho hadi kwenye gari, kikilia, na bata mzinga wakagawiwa na mashemasi.

Jumatatu asubuhi nilikuwa nachambua mboga simu ikaita. Msichana mmoja anayemfanyia Vonte kazi, amechoka sauti. "Samahani sana mama, hiki kitu kinazimwaje? Mlango haufunguki. Hajalala tangu jana."

"Si akivunje?"

Akanong'ona. "Hataki. Tumemwambia. Anakishika tu. Na watu wa filamu wanasema bila huo ubeti hawaendelei."

"Mpe simu mwenyewe."

Nikasikia mlango, nyayo, kisha pii karibu kabisa. Kisha pumzi zake.

"Mama Earlene."

"Umechelewa kupiga miaka tisa."

Akasema, "Ule ubeti niliufuta. Sikuweza kuusikia na jina langu mle ndani. Sasa siukumbuki hata mstari mmoja. Naomba unisemee."

"Utausema wapi?"

"Kila mahali ninapousema huo wimbo."

"Na utasema ni wa nani?"

"Wa Cortez."

"Cortez nani?"

"Cortez Boykin."

Nikapunguza moto chini ya sufuria, nikavuta kiti. "Kabatini kwa bibi," nikamwambia.

"Kabatini kwa bibi, makoti ndiyo..." Akakwama.

"Ukumbi. Anza upya."

Akaanza upya. Alifika kwenye vumbi, nikamrudisha. Alifika kwenye mundu, sauti ikamkatika, nikamrudisha. Mstari wa simu aliuruka mara mbili, na mara zote mbili nikamrudisha mwanzo kabisa. Saa sita mboga zilikuwa zimeiva. Nikapakua sahani moja, nikala mezani polepole, simu imelala kando ya chumvi, naye anarudia.

"Mama, sasa si nimeupata?"

"Bado," nikamwambia, nikaongeza pilipili. "Anza upya."