Vyuma vya Mguu Wangu

Mwaka juzi bodaboda ilinitupa njia panda ya Mbegani, mguu wa kulia ukawekewa chuma kirefu chenye skrubu sita. Mke wangu Shufaa alisema angalau sasa nina kitu kigumu mwilini.

Nimetengeneza mashine za boti miaka thelathini bila kukanyaga darasa la ufundi, kwa hiyo tabia ya maji chumvi naijua. Hayana haya. Niliwahi kusahau spana namba kumi na saba ufukweni. Niliporudi baada ya wiki, bahari ilikuwa imeitafuna mdomo, imekuwa namba kumi na tisa. Nikaitumia hivyo hivyo. Anayebisha aje nimwonyeshe boti.

Basi mtani wangu Mosi, Mnyamwezi wa kuzaliwa hapa hapa Bagamoyo, akaja barazani na chupa ya maji ya bahari. Ndani mlikuwa na msumari uliovimba kutu kama kidole chenye jipu.

"Huu nimeutia Ijumaa," akasema. "Wewe mguu wako unautia kila siku."

"Mguu una ngozi, mtani."

"Na ngozi ina vinyweleo. Chumvi haipigi hodi."

Nikacheka. Alipoondoka, nikasikia goti linalia kama bawaba.

Ubaya ni kwamba ilikuwa wiki ya bamvua, maji yanapokupwa mpaka mbali, na mwani wa Shufaa kule Mlingotini ulishakomaa. Alikuwa na siku tatu tu za kuuvuna. Ukiachwa, mawimbi yanaukata na kwenda nao. Ni kazi ya watu wawili, maji kiunoni. Nikamwambia siendi.

"Kwa nini?"

"Kutu."

"Kutu ya wapi?"

Nikamwonyesha mguu. Akanitazama hivi, juu mpaka chini. "Baba Khamis, mwani wangu ukichukuliwa na maji, utalala na huo mguu wako. Mimi nakwenda kwa dada yangu Pangani."

Siku ya kwanza akaenda peke yake, akarudi na nusu ya alichotarajia. Siku ya pili nikapata akili. Mashine ya boti hufungwa kipande cha zinki, bahari ikile hicho kwanza na chuma kipone. Nikajifunga zinki ya ratili mbili kwenye muundi kwa waya wa shaba, nikavaa suruali juu yake. Nimefika ufukweni ndipo nikakumbuka: zinki lazima iguse chuma, la sivyo ni pambo tu. Na katikati hapo kuna nyama yangu.

Nikarudi nyumbani. Asubuhi ya siku ya tatu nikaingia kwa Daktari Hajra.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Naomba unitolee skrubu moja, kichwa tu, kichungulie nje. Nataka kufunga waya."

Alicheka mpaka muuguzi akaja kuona kuna nini. Kisha akaniuliza, "Jasho lako lina ladha gani?"

"Chumvi."

"Machozi? Damu je? Hicho chuma kiko ndani ya maji chumvi tangu siku kilipowekwa, mzee wangu. Ndiyo kazi yake. Hicho si msumari."

Miaka thelathini ya bahari, nikafundishwa chumvi na binti wa Ubena aliyeiona bahari akiwa mtu mzima!

Nikakimbilia Mlingotini. Maji yalishaanza kujaa. Namkuta Mosi, kifuani maji, kamba ya mwani begani, anatetemeka meno, kuogelea hajui. Shufaa yuko nyuma yake; habari za ile chupa zilishamfikia.

"Aliyeninyima mume atavuta yeye," akasema. "Vuta, mtani!"

"Shemeji, nilikuwa natania!"

"Na mimi natania. Vuta!"

Nikajitosa na suruali yangu. Tulivuta mpaka viganja vikachubuka, lakini kamba ya mwisho ilikatika, maji yakaondoka nayo mbele ya macho yetu.

Tulipomaliza kuanika alimmegea Mosi mkate wa kumimina na kumtilia chai. Mimi akaniambia nigeuze mwani kwanza, upande wa pili haujapata jua.

Pangani hajaenda. Ila mkoba wake wa safari, umefungwa, bado uko nyuma ya mlango, na mimi siuulizi.