Tanuri la Yaya Tania

Niliporudi na mayai, nyumba ilikuwa inanukia vanila na watoto walikuwa wanacheka, lakini mimi niliingiwa na hofu kabla sijajua sababu. Nilisimama kwenye mlango wa jikoni, mfuko mkononi. Jémima na mdogo wake Gael walikuwa wamekaa mkekani, mabakuli mapajani, wanatafuna kornfleks walizoletewa na shangazi yao. Nilizisikia zikivunjika katika meno yao, kama mtu anayetembea juu ya changarawe. Wifi yangu Tania, tunayemwita yaya, yaani dada mkubwa, alikuwa amechuchumaa mbele ya tanuri lake dogo la umeme, akichungulia kioo chake kwa furaha ya bibi harusi.

Ndipo nikatambua. Nilikuwa nasikia kornfleks. Katika nyumba ile, asubuhi ile, sikupaswa kusikia kitu kidogo namna hiyo, kwa sababu sauti ya feni ilipaswa kukifunika.

Nyumba yetu iko mtaa wa Kapata, katika safu za nyumba zilizojengwa na kampuni ya migodi zamani kwa ajili ya wafanyakazi wake, zote zina sura moja, hata mlevi huingia kwa jirani bila kujua. Kwa nje yetu haikuwa na tofauti na nyingine. Kwa ndani, chini ya kitanda chetu, kulikuwa na shimo. Mume wangu Ruffin alilianza baada ya majirani kusema kwamba mawe meusi ya kobalti yamepita chini ya mtaa mzima, na kwamba anayelala juu yake ni mjinga. Shimo lilishuka wima, kisha likageuka na kwenda chini ya ua kama panya anavyokwenda. Siku za kazi alichimba na mwenzake, Mechack. Jumamosi Mechack alipeleka mawe kwa wanunuzi wa Musonoi, na Ruffin alishuka peke yake.

Huko chini hewa huchoka upesi. Kwa hiyo tulikuwa na feni ya kupuliza hewa, imefungwa kwenye bomba la plastiki lililoteremka hadi miguuni pake, nayo ilinguruma mchana kutwa. Prizi za umeme katika nyumba yetu ziliungua moja baada ya nyingine, ikabaki ya jikoni tu. Waya mrefu ulitoka hapo, ukapita chini ya mlango wa chumba, mimi nikaufunika kwa kipande cha zulia. Kazi yangu Jumamosi ilikuwa kusikiliza. Nilipika, nilifua, niligombeza watoto, na sikio moja lilibaki kule chumbani. Hewa mbaya haimkabi mtu. Inamlaza tu usingizi, naye anafikiri amechoka.

Mimi ni mwoga, sifichi. Wanawake wengine wa mtaa wetu walikuwa wanapiga soga juu ya mashimo yao kama watu waliokalia vigoda tu. Mimi hata mezani nilikuwa naacha kutafuna ili niisikie feni.

Yaya Tania hakujua lolote. Ndiye aliyemlea Ruffin baada ya mama yao kufa, yeye na kaka yao mkubwa, Kisimba. Kisimba alifukiwa na udongo akichimba Musonoi. Walipomtoa, Tania alimshika Ruffin mkono mbele ya kaburi lililokuwa bado wazi, akamwapisha kwamba hatashuka shimoni tena maisha yake yote. Ruffin aliapa huku analia, na nilimwamini. Nadhani hata yeye aliamini alichoapa. Kisha watoto wakazaliwa, kazi ikakosekana, na mtaa ukaanza kugonga chini kwa chini.

Tulimngojea Tania afike Jumapili. Akaja Jumamosi asubuhi, ametoka Lubumbashi kwa basi, akamalizia kwa pikipiki, katoni la tanuri limefungwa nyuma yake kwa kamba za mpira.

"Mama Jémima, nimekuletea kazi," aliniambia hata kabla ya kukaa. "Batoto ba hapa banakulya nini asubuhi? Uji na mikate ya mafuta. Tutafanya biskuti, tutafanya keki kidogo-kidogo, utauzisha ku masomo. Na Ruffin eko wapi?"

"Ku kazi, yaya."

"Kazi gani ya samedi?"

"Iko anasaidia muntu kujenga."

Alikuwa chini ya miguu yetu. Nilisema uongo huo huku nyayo zangu zinawaka.

Tania alifungua boksi la kornfleks, akawamiminia watoto na maziwa ya unga. Gael alionja, akatoa ulimi, akazitazama kama wadudu. Jémima alisema ni tamu ila zinapiga kelele. Tulicheka. Kisha Tania akakaza macho upande wa chumbani.

"Nini njo inalia vile?"

"Congélateur ya jirani," nikajibu haraka. "Courant yao imekatika. Bameomba tuichunge huku na samaki yao."

Nilijisifu kimoyomoyo kwa uongo huo wa friji la samaki, ulikuwa na kichwa na miguu. Nikasema pia kwamba tanuri tuliache, tuoke kwenye mbabula, jiko letu la makaa, ndani ya sufuria yenye mchanga, kama tunavyooka siku zote. Tania akanitazama kwa huruma. Hakusafiri na lile tanuri toka Lubumbashi ili aje kuoka kwenye mchanga. Akaniambia niende dukani nilete mayai. Ningekataa kwa sababu gani? Duka liko kwenye kona. Nilimwambia asiguse waya, samaki wa watu wataoza. Nikaenda mbio, nikakuta foleni dukani, nikarudi mbio.

Sasa nilikuwa nimesimama mlangoni, na nyumba ilikuwa kimya.

"Yaya," nilisema, na sauti haikuwa yangu. "Ile waya?"

"Ah, hii ya kwanza haikutaka mayai, nimeponda kornfleks na sukari tu. Samaki haitaoza juu ya biskuti moja, mama Jémima."

Waya ulikuwa umelala sakafuni, umezungushwa vizuri, maana Tania ni mtu wa usafi. Mayai yalinianguka. Niling'oa waya wa tanuri na kuchomeka wa feni, nikakosa matundu, nikakosa tena. Feni ikaanza kunguruma. Niliona Tania anafungua mdomo kuuliza, sikumsubiri. Nilifungua chumba kwa ufunguo uliokuwa kifuani, nikasukuma kitanda kwa bega.

Ilikuwepo kamba. Mwisho wake mmoja ulifungwa kwenye mguu wa kitanda, mwingine kwenye kiuno cha Ruffin. Nikivuta, anavuta. Ndiyo ilikuwa lugha yetu ya Jumamosi. Nilivuta. Kamba ilikaza, ikanirudishia uzito tu, kama kamba iliyofungwa kwenye jiwe. Nilivuta tena. Nilitaka kupiga kelele lakini nilikuwa nimezoea kimya miaka yote hiyo, kwa kuogopa walinzi wa kampuni, kwa kuogopa kutolewa nyumbani, na kinywa changu hakikujua njia nyingine. Niliinama juu ya lile giza nikamnong'oneza mume wangu jina lake. Hata leo naona aibu nikikumbuka kwamba nilinong'ona.

Nyuma yangu Tania alikuwa ameingia. Macho yake yalikuwa yamefika kwenye ukingo wa shimo, mahali ambapo Ruffin, kila aliposhuka, aliacha kandambili zake zimepangwa sawasawa. Ni yeye Tania aliyemfundisha kupanga viatu hivyo, alipokuwa mdogo.

Alilala kifudifudi, na nguo zake za safari, akaingiza kichwa shimoni. Nilidhani atalia. Aliita, kwa sauti kubwa kabisa, mtaa mzima usikie ukitaka, lakini bila hasira, kama mama anavyomwita mtoto anayecheza mbali aje ale ugali kabla haujapoa.

"Ruffin. Kuya kula. Bukari inapola."

Akanyamaza, akasikiliza. Akaita tena maneno yale yale. Jémima alikuwa mlangoni ameshika bakuli, na nilimwona akielewa, uso wake ukazeeka mbele yangu. Nilikuwa nimeshika kamba kwa mikono miwili. Nilikuwa namwomba Mungu, lakini maneno yote ya sala yalinitoka kichwani, nikabaki nasema tafadhali, tafadhali, kama mtu anayeomba nafasi kwenye foleni.

Kamba ikacheza. Kidogo sana, kama samaki anayeonja chambo. Kisha ikacheza tena, na tukaanza kuvuta, mimi na wifi yangu, huku Ruffin chini akitafuta kwa vidole vya miguu vile vishimo alivyochonga ukutani vya kukanyagia. Alikawia. Kichwa chake kilipotokea kilikuwa na rangi ya jivu, midomo imekauka. Alitapika kwenye zulia letu, akaegemea kitanda, akafumba macho.

Tania alivua kitambaa cha kichwani akampangusa uso, masikio, shingo. Alimpangusa muda mrefu kuliko uchafu uliokuwepo.

"Nilisikia usingizi," Ruffin alisema mwishowe. "Nikaketi. Nikasikia yaya anaita mi ku bukari. Nikasema, ni ndoto ya butoto, leka nilale. Kisha nikaogopa utanipiga."

"Uliniapia pa kaburi ya Kisimba," Tania alisema.

Gael, ambaye hakuelewa jambo lolote, alipita katikati ya miguu yetu akampa baba yake bakuli lake la kornfleks, zilizolowa na kuwa uji. Ruffin alizila zote.

Biskuti za kwanza ziliungua upande mmoja na kubaki mbichi upande mwingine, kwa kuwa nilizikatia umeme katikati. Hakuna aliyezila. Tania aliondoka kesho yake asubuhi. Nilingoja anitukane, nilistahili, lakini alisimama jikoni tu, akaitazama ile prizi.

"Furu inabaki," aliniambia, mkono juu ya tanuri. "Prise iko moja. Na ni weye njo unakaa mu nyumba."

Ruffin alipumzika siku chache, kisha akaleta kigawio cha kuchomekea nyaya nyingi. Hakunitazama alipokuwa anakifunga. Nilioka, naye akawasha feni, na umeme ukakatika safu nzima ya nyumba, majirani wakatoka nje kututukana. Umeme wa bwawa la Nzilo hupita juu ya vichwa vyetu kwenda migodini, sisi tunapewa mabaki. Hautoshi kwa tanuri na feni pamoja. Ni kimoja au kingine.

Tangu hapo naoka. Nimejifunza biskuti za kornfleks na asali, keki za ndizi, mikate midogo ya maziwa. Watoto wa shule wananijua. Wangu mwenyewe, Gael, bado anataka uji. Ruffin anaendesha pikipiki ya kukodisha na anaichukia, na shimo liko pale pale chini ya kitanda, tumeweka mbao tu. Usiku nahisi ubaridi wake ukipanda mgongoni. Kila asubuhi, kabla sijaosha uso, nawasha tanuri.

Wiki iliyopita unga ulikuwa umekwisha, mvua imefunga barabara, hakuna mteja wala cha kuoka. Ruffin aliingia jikoni amevaa kaptura yake ya shimoni, tochi kichwani, waya wa feni mkononi. Tanuri lilikuwa linawaka.

"Unapika nini?"

"Keki."

Aliinama, akafuta kioo kwa kidole gumba, akachungulia. Ndani hamkuwa na kitu, ni zile nyaya tu zilizokuwa nyekundu. Alitazama muda mrefu. Kisha akavua tochi, akavuta kigoda, akakaa kando yangu.

"Itaiva saa ngapi?" akauliza.

"Ingali," nilisema. "Ingali bado."