Kuniko Ayashukuru Magari ya Mashine

Tangu apinduke na gari la tofu, ile jibini laini ya soya, mtaroni, Kuniko hakutaka tena kushika usukani. Sasa kaka yake, aliyekuwa akiendesha badala yake, kavunjika mguu, na tofu hazijipeleki zenyewe kwa wateja wa ng'ambo ya daraja. Asipopatikana wa kuendesha, duka la baba yao linafungwa. Na mwanamke mwenyewe leseni anayo, mikono anayo, woga tu ndio unaomponza!

Basi mchana mmoja akajitosa kwenye ukumbi wa michezo ya video karibu na stesheni ya treni ya mji wa Matsue, Japani, akaketi ndani ya ile mashine mpya ya mbio za magari, yenye kiti, gia na usukani wake. Milima ya kwenye skrini ilikuwa bapa bapa yenye pembe, kama tofu iliyokatwa kwa kisu butu, lakini ilimjia kweli kweli. Kila gari lililompisha aliliinamishia kichwa kushukuru, kama wafanyavyo madereva wa kwao, na kila mara alipunguza mwendo. Muda ukamwishia hata kituo cha kwanza hajakiona.

"Shangazi, humo hamna watu," alisema Wakana, binti anayetunza mashine, akijizuia kucheka. "Unamshukuru nani?"

"Adabu haijamuua mtu."

"Imekuua sasa hivi. Punguza kabla ya kona, ukishaiingia kanyaga mafuta. Ukifika kituoni unaongezewa muda."

Kuniko akaanza upya. Kona ya pili akajibamiza ukutani, gari likapinduka, naye roho ikamruka. Kisha gari likarudi barabarani, limesimama kwa magurudumu yake.

"Ni hivyo tu?" aliuliza.

"Ni hivyo tu. Hebu bonyeza hicho kitufe, ulione kwa juu."

Akabonyeza. Gari likawa dogo chini yake, na kushoto na kulia barabara imebaki tele. Kuniko nusura alie. Miaka yote hiyo akiwa ndani ya gari aliona njia imembana, kumbe nafasi ilikuwepo.

Asubuhi akapakia tofu. Kaka yake alisimama mlangoni na magongo yake, anaogopa kuliko yeye. Kule darajani lori likatokea mbele. Kuniko akapunguza, akalikumbuka lile gari dogo la kutazamwa kwa juu, akasogea kushoto taratibu. Lori nalo likasogea. Walipopishana akainamisha kichwa, kama kawaida yake.

Dereva wa lori naye akamwinamishia chake.