Cherehani Ndani ya Nyumba ya Nyanya

Mimi nikishona, nimeshona. Uliza Mwanga nzima, hapa Kigoma, wakuambie kama kuna nguo ya Yunisi iliyowahi kufumuka. Hakuna. Sasa sifa hiyohiyo nusura initie aibu mwaka huu, na nasimulia mwenyewe kabla mwenzangu Fatu hajasimulia, maana yule anatia chumvi.

Tuko wanawake sita. Mradi mmoja ulitupa kitalu nyumba, ile nyumba ya mabomba na nailoni ya kulimia nyanya, tukaisimamisha uani kwa Fatu, Ujiji, kwenye kiwanja alichoachiwa na marehemu mumewe. Sharti lilikuwa moja: msimu wa kwanza nyanya zizae. Zisipozaa, nyumba inang'olewa, wanapewa wengine. Na mimi niliitaka ile nyumba kuliko wote. Macho yangu siku hizi yanahangaika kutunga uzi kwenye sindano. Nilishajiuliza mara nyingi nitakula nini siku nitakapoketi kwenye cherehani nisione mshono, na jibu nililokuwa nalo ni hilo tu, pale uani kwa Fatu.

Mwezi wa saba upepo wa ziwani ukachana wavu wa madirisha. Wenzangu wakaogopa kantangaze, yule mdudu aliyewamalizia watu nyanya huku kwetu, kwamba atapita kwenye matundu. Nikawaambia niachieni mimi. Nikaenda Katonga kwa wavuvi, nikapata uzi wa nyavu na vipande vya nailoni nzito, nikaziba madirisha yote. Mshono mara mbili! Kantangaze hakupita, nzi hakupita, hata upepo wenyewe haukupita. Nikajisifu mchana kutwa.

Maua yakaja. Njano tupu, ungedhani harusi. Baada ya siku chache yakaanza kukatika kwenye vikonyo na kuanguka chini. Leo Fatu anafagia maua, kesho anafagia tena. Tukaongeza maji, tukaongeza mbolea. Miche ikanenepa, ikapanda kamba zake mpaka juu kwenye waya, na tunda hata la kudanganyia hakuna. Fatu akasema ni kijicho, akafukiza ubani kila kona. Mwenzetu Verediana, ambaye hakosi misa, akaleta maji ya baraka. Nyumba ikanukia vizuri sana, na maua yakaendelea kuanguka.

Ndipo akaja msimamizi wa mradi, kijana mmoja anaitwa Leodgar, viatu vinang'aa. Akasimama mlangoni, ndani hakuingia.

"Shikamooni mama zangu. Matunda yako wapi?"

"Marahaba. Yanakuja," nikamjibu.

"Yanakuja kutoka wapi, mama?"

Nilitamani kumchapa na futi yangu ya mbao. Akasema atarudi baada ya wiki tatu, na safari hiyo atakuja na mafundi na lori. Wenzetu wa Kalinzi, akasema, wamejijengea kijumba cha miti na nailoni, wanasubiri hii ya mabomba kwa hamu. Akaaga kwa adabu zote, jambo lililoniudhi zaidi.

Alipoondoka nikaenda kukaa nyuma ya jiko, pale Fatu anapooshea vyombo, nikalia. Sioni haya kusema. Nilipofuta macho nikaona mche wa nyanya umejiotea kwenye maji machafu. Hakuna aliyeupanda. Hauna kamba, hauna mbolea, majani yameliwa nusu, halafu umezaa! Nyanya nane, nilizihesabu kwa kidole.

"Wewe!" nikaufokea. "Wewe nani kakuomba uzae?"

Nikabaki kuukodolea macho kwa hasira. Upepo ukapita, mche ukayumba. Likaja dudu moja jeusi, nene, linavuma, likakumbatia ua na kulitetemesha, kisha likaruka kwenda zake. Nikasogea. Nikalipiga ua lile kwa ukucha, taratibu, na unga wa njano ukanidondokea mgongoni mwa mkono.

Nilikimbia, mtu mzima mimi, mpaka ndani ya nyumba ya nyanya. Nikasimama katikati. Kimya. Hapakuwa na jani lililotikisika hata moja. Nikapiga ua moja kwa ukucha, unga ukamwagika vilevile. Kumbe unga wa kuzalisha tunda ulikuwamo siku zote, ndani ya ua lenyewe, unangoja kutikiswa tu. Na upepo wa kutikisa nilikuwa nimeufungia nje kwa mikono yangu, mshono mara mbili.

"Mana we!" nikasema, maana nikishtuka Kiha hunitangulia. "Fatu! Fatu njoo! Si kijicho. Ni mimi."

Nikamweleza. Akatazama madirisha, akanitazama, akacheka mpaka akakaa chini kwenye udongo. Nami nikangoja amalize, ningefanya nini?

"Basi fumua, fundi," akasema.

"Nikifumua leo, kantangaze anaingia leo. Tutatikisa wenyewe."

Kusema rahisi. Miche mia tatu, kila mmoja na vishada vyake. Siku ya kwanza tulipiga maua kwa kucha hadi vidole vikafa ganzi, na hatukufika hata nusu. Asubuhi unga unagandana kwa unyevu, hautoki. Ni mpaka saa sita, jua linapokuwa kali na nailoni inapofanya mle ndani kuwa tanuri. Siku ya pili Verediana akachukua fimbo apige waya za juu, akavunja matawi matatu. Tukamnyang'anya fimbo.

Siku hiyo jioni nilikuwa kibandani kwangu Mwanga, nashona sare za shule, kichwa kimejaa maua. Mkasi ulikuwa juu ya meza ya cherehani. Nikikanyaga, mkasi unatetemeka na kusogea. Nikakanyaga zaidi, ukasogea zaidi, mpaka ukaanguka. Nikauokota, nikaurudisha mezani, nikakanyaga tena. Ukaanguka tena.

Kesho yake saa tano nilishuka Ujiji kwa bajaji, cherehani limelala miguuni pangu.

"Yunisi," Fatu akasema mlangoni, "sasa unataka kushona nyanya?"

"Shika upande huo, acha maneno."

Tukaliweka kati ya mistari. Nikachomoa sindano. Pale panapokaa sindano nikafunga kamba ya nailoni, nikaipandisha mpaka kwenye waya unaoshikilia kamba za miche, nikaikaza. Wenzangu wamesimama, wengine mikono kiunoni. Nikakanyaga. Waya ukalia zzzz, kamba zikatetemeka, na mstari mzima wa nyanya ukaanza kutikisika kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kwenye jua la saa sita tuliuona unga wa njano unatoka kwenye maua na kutua. Verediana akapiga kigelegele. Nikakanyaga kwa nguvu, jasho linaingia machoni, nacheka peke yangu. Miaka ishirini na sita nimekanyaga lile cherehani, sijawahi kulikanyaga kwa furaha vile.

Kila siku saa sita, mstari mmoja baada ya mwingine, tukibadilishana. Siku ya nane Fatu alichukua ufagio kama kawaida, akaenda, akarudi na ufagio safi.

"Hakuna cha kufagia," akasema.

Tukaingia mbio. Maua yalikuwa yamenyauka, lakini yameshika, na nyuma ya kila moja kuna kipele cha kijani. Tukashikana mikono sote sita, tukarukaruka, Mungu anisamehe, nikakanyaga bomba la maji likapasuka.

Leodgar alirudi siku aliyosema, lori nyuma, mafundi wawili na spana zao. Alikuta niko kwenye cherehani. Safari hii aliingia ndani. Akapita kati ya mistari polepole, anainua majani. Nyanya kama gololi, vishada kwa vishada, na nyingine kubwa zaidi. Viatu vyake vikachafuka, wala hakuviangalia.

"Mama," akasema mwishowe, "unashona nini hapa?"

"Nyanya, mwanangu. Zilikuwa zinafumuka."

Nikamwambia yote, na ya madirisha nikamwambia. Hakucheka. Akavua kofia, akawageukia mafundi, akawaambia warudishe spana garini. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama ningekubali kwenda Kalinzi, maana kwenye kile kijumba chao cha miti maua yanaanguka vilevile na yeye hakujua sababu.

"Nitakwenda," nikasema. "Ila cherehani langu linakaa mbele, na mimi nalishikilia. Wewe panda nyuma na spana zako."

Akapanda nyuma. Lori lililokuja kuchukua nyumba yetu likatoka uani limenibeba mimi, mbele, dirisha wazi, upepo wa ziwani unanipiga usoni. Fatu akalikimbilia mpaka barabarani, kanga inamvuka, anapiga kelele majirani wote wasikie:

"Fundi! Huko Kalinzi usiwashonee madirisha!"