Injini ya Mwingereza

Hii hadithi ya ndege ya Warusi nimeisikia hadi nikaichukia, sidanganyi. Mume wangu Kaberia aliisomea kulekule Urusi akiwa kijana, miaka ya uhuru. MiG-15, ndege ya vita, katika zile jeti zao za kwanza kwanza. Akarudi kwetu Githongo na cheti cha ufundi na koti zito lisilovalika huku. Afisini kwa jeshi la anga wakamwambia ndege zetu zitatoka Uingereza, fundi wa Warusi wa nini? Basi akapalilia kahawa hadi mgongo ukapinda.

"Na injini yenyewe ilikuwa ya Mwingereza." Hapo ndipo alipokuwa akigonga meza. Vita vya Hitler vilipoisha, Warusi walikuwa na mabawa mazuri yaliyolala nyuma, lakini injini ya maana hawana. Mwingereza akawauzia yake. Wakaifungua, wakaiiga nati kwa nati, wakaitia kwenye MiG, nayo ikaenda Korea kuwatoa jasho marubani wa Amerika. "Sasa mimi nilikataliwa kwa nini?" Aliwauliza wageni waliokuja na mahari, akamuuliza pasta, akaniuliza mimi nikikamua ng'ombe. Nilikuwa namwambia, kanywe chai.

Siku hizi akili imemtoka. Jina langu hajui, majina ya watoto hajui. Imebaki ndege tu. Mimi ndiye namwosha, namlisha, namtafuta akipotelea kwenye kahawa. Nimechoka jamani, nimechoka mpaka usingizi haunijii.

Jumamosi kijana wetu Riungu akaja na gari kunichukua nikakae kwake Embu, nisirudi tena. Mukami, mjane jirani yetu, angelipwa abaki na mzee. "Mama, umefanya yako, inatosha," Riungu akasema. Nilikubali, tena haraka. Begi likatiwa kwenye buti, nami nikaketi mbele.

Kaberia akaja dirishani, akaanza yale yale. "Warusi walikuwa na mabawa, lakini injini..." Akakwama. "Injini ilikuwa ya... ya nani?" Akamtazama mwanawe.

"Ya Warusi, baba," Riungu akasema, akiwasha gari.

Miaka yote ile, mtoto wangu hakuwahi kumsikiliza. Mzee akatikisa kichwa, akajaribu tena kukumbuka, ikakataa, machozi yakamtoka. Mukami akamshika mkono amwingize ndani.

Nikafungua mlango. Nilikuwa na hasira, na Riungu, na hao Warusi, na magoti yangu pia. "Ya Mwingereza, Baba Riungu. Aliwauzia, wakaiiga nati kwa nati."

Akanikazia macho. "Wewe ulikuwa zamu gani?"

Si mke, fundi mwenzake tu. Iliniuma sana. "Zamu yako," nikamjibu.

Akasogea karibu, akashusha sauti kama mtu anayeuliza siri. "Sasa mimi nilikataliwa kwa nini?"

"Walikukosea," nikasema. "Walikukosea kabisa."

Akaguna, akafuta uso kwa mkono wa sweta. Nikamwambia Riungu ashushe begi.