Banda la Taa Chini ya Mgomba

Mwahija hakuzichukia taa tangu mwanzo. Alizichukia zilipoanza kumfukuza chumbani mwake. Mumewe, Akida, alikuwa mchuuzi wa chumvi na nguo, na kila alipotoka Geita kwenye dhahabu, au alipopitia Segese, hakukosa kurudi na taa kuukuu kwapani. Mara kandili la zama za Mdachi lenye kioo cha ufa, mara taa ya garimoshi iliyotupwa pale stesheni, mara taa ya mchimbaji aliyefukiwa shimoni, ambayo hata ndugu zake hawakuitaka. Zilijaa mvunguni, zikajaa juu ya sanduku, zikaning'inia darini hata mtu akisimama kujifunga kanga anagonga kichwa. Na hakuna iliyowashwa! Nyumba yenyewe iliangazwa na koroboi moja, moshi mtupu. Mjini Shinyanga walimcheka, wakamwita Bwana Taa. Mwenyewe alizipangusa vumbi tu.

Basi aliposema atajenga banda uani la kuzihifadhia, mwanamke mwingine angepiga vigelegele. Mwahija naye alifurahi, mpaka alipoona mumewe anapigilia wapi vigingi. Alivipigilia kuuzunguka mgomba, nyuma ya nyumba, pale yanapotiririkia maji ya kuogea.

Hapo lazima lisemwe lililokuwa chini ya udongo ule, maana asiyelijua atadhani Mwahija ana vituko. Miaka kadhaa nyuma alijifungua mtoto wa kiume ambaye hakulia. Akida alikuwa safarini. Shehe hakuitwa, jamvi la matanga halikutandikwa. Mbuke, mkunga wa Kisukuma wa nyumba ya pili, alimfunga kichanga katika kipande cha kaniki, akamzika ubavuni mwa mgomba, akamwaga majivu juu yake. Kisha akamwambia Mwahija neno ambalo wanawake wa mtaa ule walilishika wote, waliozaliwa bara na waliotoka pwani: asiyepewa jina hatajwi mbele ya mwanamume. Mama akimtaja kabla hajampakata mwingine, huyo mwingine ataijua njia na kumfuata mwenzake. Akida aliporudi aliambiwa mimba imeharibika, basi. Hakuuliza. Toka hapo wakawa wanazungumza chumvi, nguo na mvua, na mengine yakabaki moyoni.

Na sasa Mwahija alikuwa na mimba tena, tumbo limeshatangulia mbele.

Jamani, huo ni mtihani gani? Akinyamaza, mtaimbo utapita katika mifupa ya mwanawe. Akisema, anamwonyesha njia huyu anayempiga mateke. Alijaribu kuzunguka. Alimwambia mumewe pale pana mchwa. Akida akasema ataweka mawe. Akasema pana unyevu, taa zitashika kutu. Akida akasema atainua sakafu. Akamwambia ajenge mbele basi, wageni wazione. Akida akacheka kidogo, akasema taa zake si za wageni. Alfajiri Mwahija akatoka, akaving'oa vigingi, akavipigilia upande wa kibanda cha kuku. Akida alipoamka alivirudisha pale pale, hakuuliza nani kavihamisha. Mwahija alimwona mumewe ana moyo wa jiwe, akamchukia kwa mara ya kwanza tangu amuoe.

Asubuhi moja akaja Ngassa, mchimbaji aliyeajiriwa kutoka Ibadakuli, mtaimbo begani. Shimo la kwanza lilikuwa la nguzo ya pembeni. Mwahija alikuwa anapepeta mtama. Alisikia mtaimbo ukiingia ardhini, mara ya kwanza, mara ya pili, na kila ulipoingia aliusikia tumboni. Ungo ukamponyoka. Alikwenda akasimama mbele ya mgomba.

“Usichimbe hapo,” alimwambia Ngassa, kisha akamgeukia mumewe. “Mtoto wetu yuko hapo. Wa kiume. Mbuke alimlaza hapo.”

Ngassa alifahamu mara moja. Aliulaza mtaimbo chini, akatoka uani bila kuaga.

Akida hakushtuka, na hilo ndilo lililomkata Mwahija maini. Alimtazama mkewe kama mtu aliyeona chungu kikidondoka na mkono usiweze kukifikia.

“Najua, Mwahija,” alisema. “Nilirudi jioni ile ile, nikayakuta majivu bado makavu juu ya udongo uliofukuliwa. Nilikuwa na kandili mkononi, nililinunua nije nikuwashie chumba cha uzazi. Nguzo zote nimezipima, hakuna inayomgusa. Nilitaka tu mvua isimnyeshee.”

“Kwa nini hukuniambia?”

“Ningekuambiaje, nawe ungenijibu kwa kumtaja? Hata mimi nilikuwa namwogopea huyo wa pili.”

Usilolijua ni usiku wa giza, walisema wahenga, na wale wawili walikuwa wamekaa gizani nyumba imejaa taa. Mwahija aliketi chini palepale, mikono yote miwili juu ya tumbo, kana kwamba angeweza kuziba masikio ya aliyemo ndani. Neno lilikuwa limekwisha kutoka, na halikuhitajika.

Banda lilimalizika. Kuta za miti na udongo, paa la madebe ya mafuta ya taa yaliyokunjuliwa, mgomba umepenya kwenye upenyo uliokatwa kwa ajili yake. Akida akazitundika taa zake zote mle, lile kandili la kwanza, la chumba cha uzazi, chini kabisa, karibu na ardhi. Mwahija hakuingia. Mbuke alipopita alimsalimia akiangalia pembeni.

Masika yalipoanza, mtoto alikuja kabla ya wakati wake. Alikuwa wa kike. Hakulia. Mbuke akaja na kaniki, na safari hii Akida alikuwapo mjini, lakini ilimbidi aende sokoni akakae huko mpaka wanawake wamalize. Aliporudi hakuambiwa kitu, naye hakuuliza.

Udongo ulipokauka, alibomoa ukuta mmoja wa banda, akausogeza mbele kidogo kuelekea upande wa pili wa mgomba, palipomwagwa majivu mapya, akapanua na paa. Majirani walimtania Mwahija kisimani kwamba taa za mumewe zimelishinda hata banda lake.

Mwahija akajitwisha mtungi. “Ndiyo,” akawajibu. “Zimeongezeka.”