Gari Lililovuta Kushoto

Gari la Mwanaidi lilianza kuvuta kushoto tangu masika, na kwa kuwa Mwanaidi ni mtu wa kubishana na kila kitu, alibishana na gari pia. Lilikuwa kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, na ndilo lililokuwa likibeba samaki wake kutoka Kiswere hadi Nangurukuru. Alimwambia mwanawe Ridhiwani abane usukani kulia kidogo, biashara iendelee, kwani samaki hawasubiri fundi. Ridhiwani akabana. Alibana kwenda na akabana kurudi, mwezi baada ya mwezi, mpaka vijana wenzake wakaanza kumtania kwamba bega lake la kulia limeshuka, na kwamba akioa itabidi alale ubavu mmoja. Naye alicheka nao, maana alikuwa kijana mwepesi wa kucheka.

Siku gari lilipotaka kumtupa mtaroni, ndipo Mwanaidi alipokubali yaishe. Alilipeleka mwenyewe asubuhi kwa Abilahi, fundi wa pekee wa pale kijijini, akamwambia kwa sauti ya kulaumu, utadhani Abilahi ndiye aliyeliharibu, kwamba alitaka kuliona linakwenda sawa kabla jua halijapinduka.

Abilahi alikuwa na kibanda cha makuti kando ya barabara na jina la kutobahatisha. Wapo mafundi wanaotibu gari kama mganga anayepiga ramli: gari likivuta, wanabadilisha hiki, likikataa wanabadilisha kile, na mwenye gari anarudi nyumbani na mfuko wa vyuma vizima. Abilahi aliwadharau hao, na hakuficha. Yeye alianza na upepo wa matairi. Ulikuwa sawa. Akayabadilisha matairi ya mbele, la kushoto akalipeleka kulia na la kulia kushoto, maana kama ubovu uko kwenye tairi, utahama nalo. Akaendesha kidogo. Likavuta kushoto vilevile. Akalipandisha kwenye jeki, akatikisa magurudumu, akavikagua viungo vya usukani, akakuta vimekaza.

Kisha akagusa rimu ya kushoto, akaondoa mkono haraka. Ilikuwa ya moto. Ya kulia ilikuwa baridi. Hapo alitabasamu peke yake, kwa sababu alipenda sana dakika ile ambayo ubovu unajitokeza. Breki ya kushoto ilikuwa inashika na haiachii. Alijua hata sababu yake: Ridhiwani alikuwa akilishusha gari ufukweni kila jioni na kuliosha kwa maji ya chumvi, kama wafanyavyo wote wenye magari pale, na Abilahi alikuwa amewasema wote mpaka akachoka.

Lakini kujua hakukumtosha, alitaka kuthibitisha. Alifungua tairi la kushoto, akachukua koleo lake, lile la kujifunga lenyewe, ambalo mpini wake aliupaka rangi nyekundu ili asiibiwe, akalibana kwenye mpira unaopeleka mafuta ya breki gurudumu la kushoto. Akalegeza nati ili mafuta yaliyonaswa yatoke, pistoni ikaachia, akakaza tena, akarudisha tairi. Sasa gurudumu lile lilikuwa halina breki kabisa. Kama gari lingekwenda sawa, basi mwizi amekamatwa. Alizunguka nalo polepole hadi penye mnazi uliokatika na kurudi, na gari likanyooka. Abilahi aliona raha. Aliliegesha mbele ya kibanda, akainama achukue spana alifungue tena gurudumu, aanze kazi yenyewe.

Kipaza sauti cha msikiti kikakoroma. Inna lillahi wainna ilaihi rajiun. Mzee Bakari, aliyewasomesha Kurani nusu ya kijiji, Abilahi akiwa mmojawapo, alikuwa amefariki, na maziko yangekuwa alasiri.

Pale Kiswere tangazo la namna hiyo halimwachi mwanamume na kazi mkononi. Mwenye nyavu anaziacha, mwenye duka anafunga, na mwenye jembe analichukua. Abilahi aliiweka spana juu ya benchi. Ufunguo aliuacha kwenye gari, na hili nalo ni la watu wa pale: siku ya msiba gari lolote ni la msiba, hakuna anayeomba ruhusa, na mwenye kuondoka na ufunguo mfukoni husemwa mwaka mzima. Aliuacha bila hata kufikiri, kama anavyovua viatu akiingia msikitini, akaenda makaburini.

Kuchimba kaburi pale ni kazi ya kupokezana. Anashuka mmoja na jembe, wengine wanasimama ukingoni, na baada ya muda mtu humgusa begani, naye anatoka bila ubishi. Mtu hapandi kabla ya kuguswa. Hakuna sheria iliyosema hivyo, lakini mwanamume akijitoa mwenyewe, wenzake wataelewa kwamba amechoka kumchimbia marehemu, na kwa maiti kama ya Mzee Bakari hiyo ingekuwa aibu ya kutembea nayo.

Abilahi alikuwa chini, udongo ukimfika mapajani, alipomsikia Ahmadi, mpwa wa marehemu, akiwaeleza watu juu kwamba binti wa mzee, Kadija, aliyeolewa Mitole, alikuwa akija kwa bodaboda hadi Nangurukuru, na kwamba Ridhiwani ameshatoka kwenda kumchukua ili awahi kuuona uso wa baba yake. Halafu Ahmadi akamwinamia Abilahi, akamwambia kwa kumfurahisha kwamba Ridhiwani amempigia mama yake njiani kumsifu fundi. Gari limenyooka.

Jembe lilikwama udongoni.

Alijua vizuri. Gari lile lingekwenda sawa muda wote ambao dereva hajakanyaga breki kwa nguvu. Siku akikanyaga, gurudumu la kulia lingekamata peke yake na kulitupa gari kulia, kwenye upande wa magari yanayokuja. Na dereva huyu alikuwa na mkono uliofundishwa miezi yote kuvuta kulia kila gari linapomtisha.

Alinyanyua kichwa. Watu walikuwa wamesimama kimya, shehe akiwa miongoni mwao, wakimtazama achimbe. Angesema nini? Kwamba yeye, anayewacheka mafundi wengine, ameacha gari bila breki mbele ya kibanda na ufunguo ndani yake? Angejitoa kaburini kwa Mzee Bakari hata hajatokwa jasho? Ridhiwani haendi mbio, alijiambia. Barabara imenyooka, saa hizi haina magari. Akachimba. Alichimba kwa haraka ya mtu anayetaka kuonekana amechoka, huku akilisubiri bega lake liguswe, na bega halikuguswa upesi, kwa sababu walimwona anafanya kazi vizuri.

Alipoguswa alitoka kwa kutambaa, akajitenga nyuma ya vichaka, akapiga simu. Namba ya Ridhiwani ilikuwa haipatikani. Akapiga tena, ikawa vilevile. Ndipo alipokimbia, na watu wakamwona anakimbia kutoka makaburini kwa mikono yenye udongo, wakashangaa.

Barabarani alimkuta Romani, kijana wa bodaboda kutoka vijiji vya bara, akamwambia amfukuzie gari la Mwanaidi. Romani aliuliza kuna nini. Abilahi alimwambia aendeshe tu. Walikwenda, upepo ukimtoa Abilahi machozi, naye kila walipopanda kilima alikuwa akimwomba Mungu amwonyeshe mgongo wa kirikuu mbele. Alitoa ahadi nyingi kwa Mungu katika safari ile. Nyingine zilikuwa za kipuuzi.

Waliwaona kwanza ng'ombe, wametawanyika pande zote za barabara, na mfugaji amekaa chini kashika kichwa. Kisha lori lililobeba jasi, limesimama kwa mshazari. Kirikuu kilikuwa kimelala ubavu wa kulia mbele ya lori, sehemu ya dereva haipo tena. Watu wachache walikuwa wamemtoa Ridhiwani na kumlaza majanini, wamemfunika shuka ya mfugaji. Dereva wa lori alikuwa akirudiarudia maneno yaleyale kwa kila aliyefika: ng'ombe wamekatiza, kijana kafunga breki, badala ya kwenda pembeni akamjia yeye moja kwa moja.

Abilahi alifunua shuka, akatazama, akafunika. Hakulia. Aliligeukia gari. Gurudumu la kushoto lilikuwa juu, linatazama mbingu, na nyuma yake mpini mwekundu ulionekana wazi kwa mwenye kujua pa kuangalia. Hakuna mwingine aliyejua. Trafiki walikuwa bado hawajafika. Mkono wake ulikwenda wenyewe, ukabonyeza, koleo likaachia, na akalitia mfukoni. Romani alikuwa amesimama karibu, lakini alikuwa anasali kwa dini yake, macho kayafumba.

Trafiki walipofika walipima barabara, wakauliza maswali, wakaandika kwamba ng'ombe ndio chanzo. Abilahi naye aliulizwa, kama fundi, gari lilikuwa na tatizo gani. Alisema lilikuwa linavuta kushoto. Haikuwa uongo, na alijichukia kwa jinsi ilivyomtoka kwa urahisi.

Mzee Bakari alizikwa jioni ile bila bintiye kumwona, maana Kadija alisubiri Nangurukuru gari lisilofika. Ridhiwani, kwa kuwa mwili ulipelekwa hospitali kwanza, ingebidi azikwe kesho yake asubuhi, kando ya mwalimu wake. Kijiji kizima kilihamia kwa Mwanaidi. Wanaume walikaa juu ya majamvi nje, na Abilahi akakaa nao, koleo likimchoma paja kila alipojigeuza. Watu walimpa pole. Walisema amejitahidi, amemkimbilia kijana kama mwanawe. Mmoja alisema ni Mungu aliyemtia shaka moyoni mpaka akatoka makaburini mbio. Hilo ndilo lililomshinda.

Akamsikia Mwanaidi ndani. Mwanamke yule hakuwa akipiga kelele tena. Alikuwa anazungumza, kwa sauti iliyokauka, na wanawake wenzake wakimbembeleza anyamaze. Alikuwa akisema kwamba yeye ndiye aliyemuua mwanawe. Gari lilivuta tangu masika na yeye akamwambia abane usukani. Kila siku alimtuma kufa, na kila siku alirudi, mpaka leo.

Abilahi aliinuka, akazunguka hadi mlango wa uani, akaomba aitiwe Mwanaidi. Mwanaidi alikuja kashikwa mikono na wanawake wawili. Alikuwa amekuwa mdogo ghafla. Abilahi alilitoa koleo mfukoni, akalishika mbele yake kwa viganja viwili, kwa sababu hakujua namna nyingine ya kulishika.

"Bi Mwanaidi, gari leo halikuvuta kushoto. Lilivuta kulia. Nilikuwa nimeifunga breki kwa koleo hili ili nipime, ukatokea msiba, nikaenda kuchimba bila kulifungua. Nimelitoa garini kabla trafiki hawajaja."

Wanawake waliomshika Mwanaidi waliangaliana. Mwanaidi alilitazama koleo. Hakuligusa.

"Kila mtu aliacha kazi yake leo," alisema. "Hilo sikulaumu. Ila niambie. Ulijua kwamba kaondoka nalo?"

Angeweza kusema hakumsikia Ahmadi vizuri. Hakuna aliyeuona uso wake kule chini.

"Nilijua. Ahmadi alisema, nikiwa kaburini."

"Ukafanya nini?"

"Nilisubiri nipokewe jembe."

Mwanaidi aligeuka, akarudi ndani, na wale wawili wakamfuata. Hakuna aliyemtukana Abilahi. Aliporudi nje kwenye majamvi, maneno yalikuwa yameshamtangulia kwa njia zile ambazo maneno hupita kwenye nyumba ya msiba, na mahali alipokuwa amekaa palikuwa pamekaliwa na mtu mwingine.

Asubuhi alikwenda makaburini na jembe lake. Alifikiri watamfukuza, na alikuwa amejiandaa kufukuzwa. Hawakumfukuza. Hakuna mtu aliyewahi kukatazwa kuchimba kaburi pale. Walimpisha. Akashuka yeye wa kwanza, mahali walipopima pembeni ya udongo mbichi wa Mzee Bakari, akaanza kuchimba.

Udongo wa juu ni mchanga, hautesi. Baada ya hapo unaanza wa mfinyanzi, na baadaye mawe ya matumbawe, ambayo kila mtu pale anayajua na ndiyo sababu kubwa ya kupokezana. Abilahi alichimba mchanga akaumaliza. Akaingia kwenye udongo wa mfinyanzi. Viganja vilichubuka, mpini ukawa unateleza, na jasho likamwingia machoni. Juu yake alikuwa akiiona miguu yao ukingoni, pande zote, Ahmadi, shehe, vijana waliokuwa wakimtania Ridhiwani. Wote walikuwapo na wote walikuwa na nguvu.

Alifika kwenye mawe. Alisimama kidogo, akiwa ameinama, akaliacha bega lake pale ambapo mtu angeweza kulifikia. Alisikia mmoja anakohoa. Alisikia bahari ikivuma kwa mbali.

Hakuna aliyemgusa. Akainua jembe tena, na alichimba kaburi lote hadi mwanandani peke yake.